Mnalirudisha kwa Tajiri

Siku ile tulikuwa tukitafuta kitabu cha gari kwa ajili ya bima, wala hapakuwa na mtu aliyefikiria historia. Mama alikumbuka kwamba marehemu Bibi alikuwa akihifadhi karatasi zote za maana katika kopo la biskuti, na kweli tulikikuta humo, chini ya vyeti vya kuzaliwa na stakabadhi za karo, kikiwa kimefungwa uzi. Binti yangu, ambaye ana umri wa miaka 13 na husoma kwa sauti kila kinachosomeka, alikifungua palepale gerejini akaanza: aina ya gari, rangi, namba ya injini, mwaka 1979. Kisha akasoma jina la mwenye gari.

Halikuwa jina la Babu.

Jina la Babu lilikuwa la pili, na mhuri uliogongwa kando yake ulikuwa wa mwaka 1987. Mjomba alikuwa amelala chini ya gari. Tulichokiona ni miguu yake tu, na miguu hiyo ilitulia ghafla. Babu mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, bakora yake ikiwa magotini, hakushtuka hata kidogo.

"Huyo ni tajiri," alisema. Kisha akaitazama bodi, ambayo wiki ile ilikuwa imepigwa rangi nyeupe mkono wa kwanza na kuanza kupendeza, akauliza bila ukali wowote, "Kwa hiyo mnalirudisha kwa tajiri?"

Kwa dereva wa gari la mtu, tajiri si lazima awe mwenye mali nyingi. Ni yule ambaye jioni unampelekea hesabu.

Swali hilo lilinikaa kifuani kwa wiki kadhaa. Nilijaribu kulijibu nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, nikiwa kitandani usingizi umeniruka, na kila nilipodhani nimelimaliza nilikuta kwamba nimelizunguka tu.

Kama lilivyotoka kiwandani

Mpango wetu ulikuwa mwepesi kuueleza. Chini ya banda la makuti, nyuma ya nyumba ya Babu huko Kisauni, kulikuwa na Peugeot 504 stesheni wagoni ambayo haikuwashwa tangu mwaka 1993. Babu ana umri wa miaka 82. Mjomba ni fundi, mimi nina mshahara, binti yangu ana likizo za shule, na Mama ana kumbukumbu ya mahali kila kitu kilipowekwa. Tungelifufua gari hilo wote kwa pamoja, Babu akiwa bado ana macho ya kuliona.

Mjomba ndiye aliyeweka sharti: gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na si vinginevyo. Alikuwa na picha kwenye simu yake, za magari ya Ufaransa yaliyooshwa mpaka matairi, na alizitazama jinsi watu wengine wanavyotazama picha za wajukuu. Mjomba pia ni mtu wa Safari Rally. Ukimpa nafasi atakuhesabia ushindi wa Peugeot 404 wa mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, atakusimulia kuhusu Bert Shankland aliyeshinda mara 2 mfululizo, kisha atafika kwenye 504 ya mwaka 1975 na ile ya mwaka 1978. Mimi humkumbusha kwamba gari lililoshinda mwaka 1978 lilikuwa la milango miwili na lenye injini ya silinda 6, kwa hiyo undugu wake na gari letu ni undugu wa kualikana harusini tu. Hapendi kuambiwa hivyo.

Sifa ya stesheni wagoni haikutoka kwenye mashindano. Salun ya 504 ilitangulia mwaka 1968, na wagoni ilipofuata mwaka 1971 ilikuwa imerefushwa kwa sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kwenye ekseli ya nyuma iliwekewa springi 4 badala ya 2. Ukiwa na familia kubwa, hiyo ni starehe. Ukiwa na tajiri anayesubiri hesabu, hayo ni mahesabu ya abiria wangapi zaidi wataingia.

Tulianza kwa kuvua. Tuling'oa benchi la mbao lililokuwa nyuma, tukakwangua rangi, tukakata mabati yaliyobandikwa sakafuni. Kutu ilikuwa imekula vizingiti vya milango, na ilikuwa mbaya zaidi nyuma kabisa, mahali ambapo tairi la akiba huning'inia chini ya sakafu. Babu alisema kwamba hiyo ni chumvi ya Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, kila safari ya Malindi ilikuwa na kivuko katikati yake, na kila aliposhuka kwenye pantoni matairi yalipita kwenye maji ya bahari. Mjomba alikata mabati mapya, akachomelea, akapiga puti, akasugua. Miezi ikapita hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na sina mengi ya kusema kuihusu isipokuwa kwamba kutu haina mwisho na fedha ina mwisho.

Silivu ya nne

Ningekuwa msikilizaji mzuri, ningejua habari za tajiri mapema, kwa sababu injini ilikuwa imekwisha kutuambia.

Injini ya gari letu ni ya petroli, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 1971 (cc), na mafundi wa zamani waliipenda kwa sababu moja kuliko zote. Silivu zake hazikukazwa moja kwa moja ndani ya bloku. Kila silivu ni bomba la chuma linalosimama peke yake, maji ya rejeta yakilizunguka kwa nje na pistoni ikipanda na kushuka ndani yake. Injini ikichoka, huhitaji kupeleka bloku kwenye mashine ya kuchonga. Unafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, unachomoa silivu nzee pamoja na pistoni zake, unaingiza mpya. Kazi hiyo iliweza kufanywa chini ya mwembe, na ilifanywa chini ya miembe mingi kati ya Mombasa na Malindi. Lililo gumu ni kimo. Silivu inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno, chini ya unene wa kucha, ili hedi inapokazwa iibane vizuri. Ikizidi au ikipungua, maji yatakutana na oili. Mjomba alimfundisha binti yangu kupima kimo hicho kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na alasiri nzima niliwaona wameinamisha vichwa pamoja, mmoja ana mvi na mwingine ana mitandio ya shule, wakibishana kuhusu sehemu za milimita.

Tulipozichomoa zile nzee, silivu 3 zilikuwa za aina moja. Ya nne ilikuwa tofauti, haina alama ya wenzake, na imechakaa kidogo kuliko wao.

"Hiyo niliinunua mimi," Babu alisema. Alieleza kwamba pistoni ilivunjika mwaka 1984, usiku, akirudi kutoka Malindi, na kwamba alilifungua gari mwenyewe nyumbani, kwa taa ya chemli, ili alfajiri liwe barabarani. Sote tulitikisa vichwa kwa kuvutiwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aseme "niliinunua mimi" kuhusu kipande cha gari lake mwenyewe. Kila kilichomo ndani ya gari lako si umekinunua wewe?

Mwaka 1984 gari lilikuwa la tajiri bado. Babu alitoa mfukoni mwake fedha za kutengeneza injini ya mtu mwingine, kwa sababu hesabu haikusimama pistoni iliposimama.

Nasi tuliitupa silivu hiyo kwenye pipa la vyuma chakavu.

Mafungu matatu

Jioni ile ya kitabu, nilimuuliza Mama. Tumekua tukiambiwa kwamba Babu alinunua gari jipya mwaka 1979. Nimelisema hilo shuleni, nimelisema kwa wakwe zangu, nimelisimulia kwa binti yangu kama kisa cha mtu aliyejiinua. Mama alifikiri kwa muda mrefu kisha akasema kwamba hakumbuki Babu akilisema hata siku moja. "Tulilisema sisi watoto. Baba hakutukanusha."

Alichokikumbuka yeye ni mkeka. Kila usiku Babu alimwaga fedha juu ya mkeka na kuzigawa mafungu matatu: fungu la tajiri, fungu la petroli, na fungu letu. La tajiri lilihesabiwa kwanza. Fungu la tatu lilikuwapo siku nyingine, na siku nyingine mkeka ulikunjwa likiwa bado halijaonekana.

Kisha akanisimulia habari ya Kikambala, ambayo Mjomba pia hupenda kuisimulia, ila sikuwahi kutambua kwamba ni habari moja. Ilikuwa mwaka 1980. Babu aliwachukua wao wawili kwenda kumwona shangazi yao huko Takaungu, wakakaa nyuma kabisa, juu ya benchi. Kufika Kikambala, abiria wawili walipunga mkono, na gari lilikuwa limejaa. Babu aliwashusha watoto wake, akawakalisha kivulini kwa muuza madafu, akawaambia wasubiri atakaporudi. Alirudi jua likizama.

Mjomba, aliyekuwa na umri wa miaka 8, huielezea siku hiyo kama sikukuu: alikunywa madafu mpaka akachoka, akacheza mpira na watoto wa pale, akalala mchangani. Mama alikuwa na miaka 14. Anakumbuka kwamba alikuwa amevaa nguo ya Idi kwa ajili ya shangazi, na kwamba aliyeketi mahali pake, dirishani, alikuwa msichana wa rika lake, ambaye walitazamana kidogo wakati gari likiondoka.

"Sikumkasirikia Baba," aliniambia. "Nililichukia lile benchi."

Tajiri alimuuzia Babu gari mwaka 1987, kwa malipo ya kidogo kidogo, lilipokuwa limekwisha kuchoka na faida yake kumalizika. Hivyo ndivyo magari mengi yalivyowafikia madereva wake. Babu alilimiliki kwa miaka 6 tu kabla ya matatu za Nissan kumwondoa barabarani, na katika miaka yote hiyo halikuwa jipya hata siku moja. Lilikuwa na bonde ubavuni, silivu isiyofanana na wenzake, na benchi la mvule. Gari jipya, jeupe, lenye viti vya kiwandani, ambalo sisi tulikuwa tukilitengeneza kwa mapenzi makubwa ili kumpa heshima, Babu alilijua vizuri sana. Ndilo gari ambalo kila usiku alilitolea fungu la kwanza.

Kipi kibaki

Nikaingia kwenye kosa la pili, na nalikiri hapa kwa sababu nililifanya kwa bidii. Niliamua kwamba sasa kila alichokigusa Babu ni kitakatifu. Nilimwendea Mjomba nikamwambia kwamba tusimamishe rangi nyeupe, turudishe benchi la mbao, tuache feni ilivyofungwa, tuirudishe silivu ya nne ikiwezekana. Mjomba aliweka spana chini. Aliniambia kwamba kiti cha safu ya tatu alikuwa amekitafuta miezi 7, kwamba alikipata Nairobi kwa mvunja magari wa Kirinyaga Road na kusafiri nacho kwenye basi akiwa amekipakata, na kwamba silivu iliyochakaa haiwekwi ndani ya injini kwa ajili ya mashairi. Hatukusemeshana kwa wiki mbili. Binti yangu ndiye aliyekuwa akipeleka salamu.

Mama naye, ambaye nilidhani angekuwa upande wangu, alikataa kabisa habari ya benchi. "Wewe unataka kulionyesha kwa watu. Mimi nimelikalia."

Hilo lilinirudisha nyuma. Nilikuwa nikiitazama dhiki yao kama pambo, kwa kuwa mimi sikuwahi kushushwa njiani.

Mwishowe tulifanya lile ambalo tungelifanya tangu mwanzo kama tungekuwa na adabu: tulimuuliza mwenyewe. Tulimwendea baada ya swala ya alasiri, tukamwamkia, tukaketi, na Mjomba akaanza kuuliza jambo moja moja, kama fundi anayechukua oda. Mimi nilikuwa na hakika ya majibu. Niliyapata nusu.

Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku ya umeme inayoishika maji yakipata moto na kuiachilia yakipoa, ili injini isibebe mzigo bure. Babu alikuwa ameikaza kwa parafujo ili izunguke daima. Nilidhani ni ubunifu wake, alama ya mkono wake. "Nilikaza kwa sababu sikuwa na fedha za kuitengeneza," alisema. "Ilikuwa inakula petroli na kupiga kelele kama ndege. Itengenezeni kama ilivyokuwa."

Benchi? Alimtazama Mama kabla ya kujibu. "Liwekeni barazani, nitakalia nikisubiri magharibi."

Silivu alicheka tu, akasema kwamba amekwisha kuilipia mara moja.

Tulipofika kwenye rangi alinyamaza. Mwaka 1988, alisema, alipomaliza malipo ya mwisho, alikwenda dukani akanunua rangi ya buluu, ya mafuta, ile ya kupaka milango ya nyumba, na yeye na Bibi walilipaka gari lote kwa brashi, usiku mmoja, kwa sababu asubuhi yake lilikuwa na safari. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri na abiria wa kwanza wawili walishuka na buluu nguoni. Bibi alikuwa amepaka mlango wa nyuma. Sisi tulikuwa tumekwisha kuikwangua rangi hiyo yote kwa msasa, na mlango wa nyuma niliukwangua mimi mwenyewe, nikilalamika kwamba aliyepaka hakuwa fundi.

"Buluu," Mjomba aliandika kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo gari letu leo halifanani na picha za Ufaransa wala na lile ninalolikumbuka bandani. Kiti cha nyuma ni cha kiwandani na kina mikanda. Feni huzunguka inapotakiwa. Rangi ni ya buluu, imepigwa kwa mashine, isipokuwa mlango wa nyuma, ambao Mama na binti yangu waliupaka kwa brashi. Ukisimama karibu unaona michirizi. Mjomba alitaka kuisawazisha. Aliitazama kwa siku nzima, kisha akaiacha. Na silivu ya nne nilikwenda kuifukua kwenye pipa kabla ya wanunuzi wa chuma kupita. Upana wake wa ndani ni milimita 88, na sasa binti yangu huweka kalamu zake humo.

Kivukoni

Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili, kuelekea Kilifi, watu watano. Mjomba aliendesha. Babu aliketi mbele kushoto, ambako zamani tajiri ndiye aliyekuwa akiketi siku alizotaka kukagua njia. Mama alipewa dirisha bila kuomba. Tulipita Mtwapa, tukapita Kikambala, na hapo hapakuwa na aliyesema neno, ingawa Mjomba alipunguza mwendo bila sababu ya barabarani.

Kabla ya daraja, upande wa Mnarani, Babu aliomba tukate kona tushuke kwenye kivuko cha zamani. Njia ile sasa haina shughuli kubwa. Tulipofika kwenye mteremko, mahali ambapo mimi sikuona chochote isipokuwa miti na maji mbele, alinyoosha mkono wake taratibu akaizima injini.

Mjomba alikanyaga breki kwa hofu. "Kuna nini, Baba?"

"Foleni," Babu alijibu.

Akatueleza kwamba foleni ya pantoni ilianzia hapo, na kwamba dereva mwenye akili hakuchoma petroli akisubiri. Alizima, na kila gari la mbele liliposogea alilegeza breki, gari likateremka lenyewe kwa uzito wake mpaka majini. Akamwambia Mjomba alegeze. Tukateremka hivyo, bila sauti ya injini, hatua kwa hatua, Babu akiinua kidole tusimame na kukishusha tuendelee, kana kwamba mbele yetu kuna lori la nazi ambalo yeye peke yake analiona. Binti yangu alihesabu vituo 9 kabla ya maji.

"Babu, leo wewe ndiye tajiri," alimwambia tulipofika chini. "Umekaa kiti chake."

Babu alilifikiria jambo hilo kwa uzito. "Petroli imelipwa na nani?"

"Na Mama."

Aligeuka kunitazama. "Basi tajiri ndiye huyo. Jioni aletewe hesabu yake."

Jioni, Mjomba aliniletea hesabu kweli, imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la gasketi: mikanda ya kiti cha nyuma, oili, kazi ya klachi ya feni, na mstari wa mwisho kabisa, rangi ya buluu lita 5, bado haijalipwa.